Vigimbi vya Sila

Jumamosi asubuhi Swalihu, mwalimu wa jimu, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamenya mayai ya kuchemsha na kutupa maganda kwenye sufuria, huku akimtazama Lameck kupitia kioo. Kioo kilikuwa kikubwa, kimeegemezwa ukutani kwa matofali. Kilitoka kwenye saluni moja iliyovunjwa na wakubwa, na pembeni bado kilikuwa na picha ya mwanamke aliyesukwa rasta. Jimu yenyewe ilikuwa nyuma ya gereji ya malori, njia ya kwenda Zuzu: bati juu, udongo chini, vyuma vya zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi, na kipande cha reli ambacho hakuna aliyeuliza kilifikaje pale.

"Geuka," Swalihu alisema.

Lameck akageuka.

"Mgongo upo. Mabega yapo. Mapaja sina la kusema. Ukishuka chini ya goti, ni kuku wa kienyeji."

Wenzake wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Shaban, ambaye kila mtu alimwita Greda.

"Mwacheni jamani," Greda alisema. "Behewa la Zuzu limeletwa mjini bila magurudumu."

Behewa ndilo lilikuwa jina la Lameck pale jimu. Jina halikupatikana hivi hivi. Mgeni alianza kwa kuchota maji na kuwashikia wenzake vyuma, na siku zote hizo aliitwa "wewe." Mwili ukianza kuonekana, akapewa jina. Mwenye jina alipewa msumari wa kutundikia shati, na mwenye msumari aliruhusiwa kusimama mbele ya kioo. Juu ya wote alikuwapo bingwa, naye alikaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye lori, na bingwa akikohoa, redio ilipunguzwa. Lameck alikuwa na jina na alikuwa na msumari. Kiti alikuwa hajakikalia, kwa sababu kila mwaka waamuzi walimtazama kuanzia kichwani, wakitabasamu, na walipofika miguuni walitazama pembeni.

Vyuma vilikuwa vya kukazia tu. Mwili wenyewe ulitoka kwa watu. Ukimpiga mtu kwa nia, pale ulipompiga nyama yake inatoka na kuja kwako, mahali palepale, na yeye anabaki na ngozi. Hilo lilijulikana mjini kama inavyojulikana kwamba Agosti kuna upepo. Swalihu alilifundisha bila kupandisha sauti.

"Mgongo, mtafute mpagazi. Mabega, msukuma mkokoteni. Mapaja, yule wa baiskeli anayebeba abiria. Mikono, mpiga tofali. Karani usinipigie, utajichosha bure."

Wa kupigwa hawakukosekana, maana Mheshimiwa Yoramu alihakikisha hawakosekani. Huyu alikuwa mwenyekiti wa mchezo wa kutunisha misuli kanda nzima, na kwa upande wa pili alikuwa mkubwa wa kamati ya kusafisha mji. Palipotakiwa kusafishwa, lori lake lilikuja jimu na vijana wakapanda. Yeye mwenyewe hakuwahi kunyanyua hata ndoo. Wakubwa wetu ndivyo walivyo, jasho lao hutoka kwa wengine.

Mgongo wa Lameck ulikuwa wa mzee Daudi, mpagazi wa Kibaigwa, aliyebeba magunia ya mahindi yaliyojazwa mpaka yakaota vichwa tangu hajaota ndevu. Mvua ikikaribia ulimuuma Lameck kama ulivyokuwa ukimuuma mwenyewe. Mabega yalikuwa ya mtu wa mkokoteni ambaye jina lake halikufahamika. Alipigwa akiwa amelala juu ya mkokoteni wake, na alipoamka alidhani amelalia mikono vibaya.

Lameck hakuingia jimu kwa kupenda sifa. Zamani alikuwa mtu mwembamba mwenye mke. Mkewe Penina alishikwa na uchungu wa uzazi kijijini, na gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa kwenda kubeba viti vya mkutano wa hadhara wa Yoramu. Lameck alikimbia mpaka kwenye mkutano kuomba gari. Vijana wenye vifua vikubwa na fulana za kubana walimsukuma kwa vidole tu, bila hata kuacha kutafuna muwa. Aliporudi, Penina alikuwa amekufa na mtoto ndani. Viti vilirudishwa salama. Baada ya matanga Lameck alitaka kitu kimoja tu duniani, mwili ambao mtu hawezi kuusukuma kwa kidole. Kwamba mwili huo ulipatikana kwa Yoramu peke yake, hilo halikuwa kosa lake. Duka ndilo hilo hilo moja.

"Mwenye vigimbi unamjua," Swalihu alisema, akimpa yai.

"Namjua."

"Basi unangoja nini? Mashindano ni mwezi ujao, na mwaka huu Mheshimiwa anasema bingwa atakuwa mtu wake wa karibu. Kiti na cheo, Behewa."

Mwenye vigimbi alikuwa Sila, shemeji yake, pacha wa Penina. Sila alinunua mbuzi Busi huko Kondoa, akawaswaga kwa miguu mpaka mnada wa Dodoma, kwa sababu mbuzi wa kwenye lori hufika wamekonda na wengine wamekanyagana. Alikuwa akifanya hivyo tangu ujana. Vigimbi vyake vilikuwa vimepanda juu na kugawanyika katikati kama mkate. Vya Penina vilikuwa hivyo hivyo. Lameck alimwona Penina mara ya kwanza kwa nyuma, akipanda kutoka korongoni na ndoo ya maji kichwani, na alimaliza kumpenda kabla hajaona uso.

Siku ya mnada lori lilikuja mapema. Yoramu alitaka kile kiwanja. Vijana walishuka na mabomba ya chuma, wakajipanga kwenye vumbi. Wachoma nyama walikuwa wanapepea moto, wauza vyungu wanapanga, na Sila alikuwa katikati ya mbuzi wake, amekunja suruali mpaka magotini.

"Shemeji!" akamwita Lameck kutoka mbali. "Titi lote hilo ni lako au umeazima?"

"Langu."

"Basi tunyonyeshe, tuna njaa hapa."

Watu wakacheka. Lameck akasogea.

"Toa mbuzi, Sila. Mnada umefungwa."

"Na nani? Ushuru mmechukua asubuhi hii hii."

"Mheshimiwa anajenga."

"Anajenga nini?"

"Sijui. Anajenga."

Sila alimtazama, kisha akatazama bomba. "Dada yangu alikuwa anakwambia ule, unene. Unaona sasa, umenenepa yeye hayupo."

Filimbi ikapulizwa. Greda alikuwa anatafuta shingo, akamwendea mchoma nyama mmoja mnene wa shingo na kumpiga mara nyingi, hata baada ya yule mtu kukaa chini na kichwa chake kuinama mbele kama ua lililokosa maji. Mwanamke muuza vyungu alipigwa mkononi na kijana mgeni asiyejua kuchagua, vyungu vikavunjika, na mkono wake ukaning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Damu iliingia kwenye vumbi na kufanya vidonge vidonge. Mbuzi walikanyaga makaa wakalia kwa sauti za watu.

Sila aliinama kuwafungua mbuzi wake. Lameck alikuwa nyuma yake. Alipiga mguu wa kulia, sauti ikatoka kama ya ukuni mbichi. Sila alianguka kwa goti moja, akanyoosha mkono kumshika mbuzi badala ya kujikinga. Pigo la pili Lameck alilipeleka mguu wa kushoto kwa kipimo kile kile, maana waamuzi hawapendi mwili ulioelemea upande. Nyama ikahama. Ilipita chini ya vumbi kama panya chini ya mkeka, ikaingia kwenye buti za Lameck, ikapanda, na mishono ya suruali yake ikaachia hadi magotini.

Sila hakupiga kelele. Alijipapasa chini ya magoti, akashika ngozi tupu, akaivuta kidogo na kuiachia.

"Umechukua na vya Penina," alisema. "Tulikuwa navyo sisi wawili. Alipokufa vikabaki hivi."

"Nilikwambia utoe mbuzi."

"Ulisema. Nimekusikia."

Lameck akaendelea na kazi, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha.

Vile vigimbi vilimpa shida kidogo mwanzoni. Alfajiri viliamka kabla yake, vikasimama mlangoni, vikitaka kwenda Busi. Lameck aliviacha vimpeleke mpaka pale nyumba zinapoishia, kisha akavigeuza kwa nguvu. Swalihu alisema si vibaya, kutembea kunayeyusha mafuta. Jioni Lameck alikaa kitandani, akavitazama, akavua buti, akavitazama tena. Hakuvigusa. Aliona vibaya kuvigusa bila kumwoa mtu.

Huko mnadani wasio na nyama walizidi. Walipokuwa wachache waliitwa wagonjwa. Walipoongezeka wakaitwa kundi maalumu, wakaitwa kwenye semina, wakapewa soda, na Yoramu akawaambia serikali inawatambua. Sila aliletwa kwa toroli. Aliuliza kama anaweza kurudishiwa miguu. Akajibiwa kwamba swali ni zuri.

Wiki ya mashindano Lameck aliacha kunywa maji, kama wanavyofanya wote, ili ngozi igande kwenye msuli. Midomo ilipasuka. Akitema mate, hayakutoka. Greda alizimia mara moja, akamwagiwa maji usoni na kutukanwa kwa kuwa mengine alimeza. Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Walikuwapo wauza zabibu, madereva, wafanyakazi wa ofisini na simu zao, na mbele kabisa, kwenye kochi lililofunikwa kitambaa cheupe, Mheshimiwa Yoramu na kitambi chake. Vijana walipakwa mafuta nyuma ya pazia mpaka wakang'aa kama sufuria mpya, wakavaa zile chupi ndogo za mashindano, wakatoka.

Lameck alifanya pozi la mbele, watu wakapiga miluzi. Akafanya la ubavu. Akageuka kuonyesha mgongo wa mzee Daudi, na mtu mmoja wa Kibaigwa akapiga kelele, "Huo naujua!" Kisha akashusha visigino, akavipandisha, na vigimbi vikatokeza. Ukumbi ukalipuka. Mwamuzi mmoja alivua miwani akaifuta. Greda, pale pembeni, alikuwa anatabasamu kama walivyofundishwa, lakini machozi yalikuwa yanamtoka, maji pekee aliyobaki nayo.

Ndipo Mama Sila alipoingia.

Alikuwa mama mkwe wa Lameck, na kwao mkwe hakai hata kigoda kimoja na mkwewe, sembuse kumwona kifua wazi. Kwa hiyo aliingia amejifunika kanga usoni, ameishika kwa meno, ikamfunika macho mpaka asione kitu chochote kilichopita magoti ya watu. Alipita katikati ya viti akitazama miguu tu. Alikuwa na kopo la samli.

"Mama, huko hairuhusiwi," kijana wa mlangoni alimwambia.

"Nimekuja kwa mwanangu."

"Mwanao nani?"

"Yule pale. Kuanzia magotini kushuka."

Kijana akatazama, akaona kweli, akampisha.

Lameck aliona kanga inakuja, akajaribu kurudi nyuma ya pazia, kwa sababu aibu ya mkwe ni kubwa kuliko taji. Vigimbi vilikataa. Mama Sila alipofika ukingoni mwa jukwaa vilikunjika vyenyewe taratibu, vikamshusha Lameck kwa magoti yote mawili, pamoja na mgongo na mabega na mafuta yake, mbele ya ukumbi mzima.

"Shikamoo mama," Lameck alisema, maana akiwa amepigishwa magoti hakuwa na la kusema lingine.

"Sikuja kwako, baba. Nyamaza." Akanyoosha mkono, akavipapasa vile vigimbi kwa nyuma, akachota samli. "Vimekauka. Hamvipi maji? Sila kila jioni nilimpaka. Huko kwenye changarawe vinapasuka." Akavipaka polepole, kimoja, kisha cha pili, akivisemesha Kigogo, akiviuliza habari za safari. Vigimbi vikalegea. Redio ya mtu mmoja iliendelea kuimba, akaizima.

"Sasa simama umalize mambo yako," alisema. Vikasimama.

Waamuzi walishauriana. Walikubaliana kwamba ni pozi jipya, halimo kwenye kanuni lakini halikatazwi, na kwamba samli imeupa msuli mng'ao wa asili. Lameck akawa bingwa. Alivishwa mkanda, akapewa kombe, na Swalihu akalia akisema ndiye aliyemwona tangu akiwa kuku wa kienyeji. Mama Sila alikuwa ameshaondoka, akitazama miguu mpaka mlangoni.

Nyuma ya jukwaa Yoramu alimngoja.

"Mtu wangu wa karibu," alisema, "anapigia magoti kikongwe cha kijijini. Mbele ya wageni wangu."

"Miguu, Mheshimiwa. Siyo mimi."

"Miguu ya nani?"

Yoramu akamtupia teke la kwanza chini ya goti la kulia. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vyenye ncha. Akamtupia la pili kushoto, akashika ukuta ahemee, akaongeza la tatu na la nne, akitukana kwa kila moja. Lameck angeweza kumvunja kwa mkono mmoja. Mabega yalikuwapo, mgongo ulikuwapo, vyote vya watu waliozoea kubeba na kunyamaza, na vikabeba, vikanyamaza. Nyama ikahama. Suruali ya Yoramu ilijaa chini, soksi zikakatika raba.

Mheshimiwa hakushangaa. Mwili wake mwingi ulikuja kwa njia hiyo. Mashavu yalikuwa ya mpishi wake, shingo ya dereva, na ile nyama ya tumbo ilitoka kwa watu ambao hata hakuwa na haja ya kuwakumbuka. Nyama ikifika kwake kwa kawaida ililegea ikawa kitambi. Ila hii ya Sila haikulegea. Ilikuwa nyama ya Busi, ikakaa palepale, imegawanyika katikati, chini ya suruali ambapo hakuna mtu wa kuiona.

Kombe halikuchukuliwa, kwa kuwa kanuni hazisemi bingwa abaki na miguu aliyoshindia. Lameck alikaa kwenye kiti cha lori pale jimu. Akikohoa, redio ilipunguzwa. Alivaa suruali ndefu, na hakuna aliyemwambia ageuke. Cheo nacho alikipata kama ilivyoahidiwa: akawekwa getini kwenye ofisi ya Yoramu, na mkanda wa ubingwa juu ya sare.

Mama Sila alifika wiki hiyo hiyo na kikapu chake. Aliweka kanga sawa usoni, akatazama buti za Lameck, zilizokuwa zikipwaya.

"Wewe huna tena," alisema.

"Sina, mama."

"Vimeenda ndani."

"Vipo ndani."

Akakaa kwenye kivuli cha ukuta. Yoramu alipotoka kwenda kwenye gari na wageni kutoka wizarani, vigimbi vilimwona mama yao, na Mheshimiwa akaenda chini kwa magoti juu ya kokoto, mikono yake ikiwa bado inaeleza mradi. Akasema shikamoo. Wageni wakadhani ni unyenyekevu, wakampiga picha, na picha ilisifiwa sana. Mara ya pili haikuwa na wageni. Mara ya tatu Yoramu aliamuru kivunjwe kibanda cha fundi viatu nyuma ya ofisi, pakatobolewa ukuta, pakawekwa mlango. Fundi viatu alikataa kutoka. Greda ndiye aliyetumwa, akarudi na vidole vizuri. Tangu hapo Mheshimiwa alitoka kwa nyuma.

"Mkubwa yupo?" Mama Sila aliuliza Alhamisi, kama Alhamisi zote.

"Amesafiri, mama." Lameck alisema akitazama pembeni, kama mkwe anavyopaswa.

Kutoka nyuma ya jengo zikasikika hatua zinashuka ngazi, nyepesi, za mtu aliyezoea njia ndefu. Wote wawili walizisikiliza mpaka mlango wa gari ukafungwa.

"Anakanyagia kisigino," Mama Sila alisema. "Mwambie Sila hakanyagi hivyo. Atavimaliza."

"Nitamwambia."

"Na avipake."

"Ujumbe utafika, mama."

Lori la vijana likaja, likapiga honi. Greda alikuwa mbele. Safari ilikuwa ya Kibaigwa, kusafisha soko, na Swalihu alikuwa amekwisha kumnong'oneza Lameck kwamba pale mizanini kuna mpagazi mmoja kijana, wa vigimbi vya kutosha, asiye na ndugu. Lameck akachukua bomba lake, akafungua geti, akapanda nyuma.

Mama Sila akasogeza kikapu chake lori lipite, kisha akakirudisha palepale.